Bushi za Nyuma, Upande wa Kushoto

Wiki iliyopita nilipeleka gari langu kwa fundi hapa Embu mjini. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki nikisubiri, na kijana mmoja akachovya bushi, ile raba nyeusi ya shokabsoba, kwenye maji ya sabuni ili iteleze iingie mahali pake. Basi, ni harufu hiyo tu, sabuni ya kipande na raba mpya, na mimi mama mzima mwenye miwani ya kusomea nikainuka nikatoka nje mbio. Fundi akaniuliza, "Madam, uko sawa?" Nikamwambia ni joto. Joto gani, na ilikuwa Julai, mji mzima umevaa sweta!

Tumemzika Baba Mdogo Nyaga juzijuzi. Mama yangu alitangulia, na wazee wa ukoo waliohusika walitangulia zamani zaidi. Aliyebaki wa kuaibishwa na jambo hili ni mimi peke yangu, kwa hivyo naweza kulisema.

Kwetu ni Kanja, kule ambako mwezi wa saba ukungu huingia hadi jikoni na nguo zilizofuliwa Jumatatu hukauka Ijumaa. Baba alikuwa fundi wa mashine za kuambua kahawa. Viwanda vya mabonde yote ya jirani vilimwita yeye, na alikuwa akivizungukia kwa pikipiki ambayo nadhani ilikuwa imenizidi umri. Pikipiki ile ilikuwa na sauti yake. Siyo ya injini, maana injini zote hunguruma. Nasema sauti ya nyuma, chini ya kiti: ngwii, ngwii, kila ilipopita juu ya jiwe au mzizi. Baba akiwa bado ng'ambo ya mto, haonekani kwa ukungu, sisi tulikuwa tumeshaisikia ile ngwii, na Mama alikuwa ameshaweka sufuria ya chai mekoni. Nilipomuuliza Baba kinacholia ni nini, alicheka akasema, "Ni raba zimekwisha, Mama. Na mimi kazi ya watu nafanya, yangu inangoja."

Aliniita Mama kwa sababu mimi ni binti wa kwanza, na kama mnavyojua, binti wa kwanza kwetu huitwa jina la mama mzaa baba. Mimi ni Wawira, na nyanya alikuwa Wawira. Baba aliniita Mama, na Nyaga, mdogo wake, aliniita Mama. Nilipotoa amri ndogo ndogo za kitoto walisimama wima wakisema, "Ndiyo, Mama," huku wanakufa kwa kicheko. Lakini haikuwa mzaha mtupu. Neno langu lilikuwa na uzito ambao neno la kaka yangu halikuwa nao, na nilikuwa naujua uzito huo na kuupenda.

Kisha Baba akashikwa na kifua. Alinyeshewa njiani, akalala siku tatu chini ya blanketi zote za nyumba, akipumua kwa shida. Siku ya nne mchana Mama alitoka kutafuta gari la kumpeleka hospitali, nikabaki naye. Chumba kilinuka mafuta ya kuchua na jasho. Baba akafungua macho.

"Mama, njoo karibu. Nyaga akija umwambie hivi. Mtu yeyote asiipande pikipiki yangu, mpaka bushi za shokabsoba zibadilishwe. Za nyuma, upande wa kushoto ndio mbaya zaidi. Mpya nimeshanunua, ziko kwenye mkebe chini ya kitanda hiki. Asipobadilisha itamwangusha. Rudia."

Nikarudia yote, bila kukosea hata neno.

"Vizuri," akasema. "Wewe hukuzaliwa mjinga."

Gari likaja likamchukua, na hakurudi akiwa hai.

Siku chache baada ya mazishi wazee watatu wa ukoo walikuja kukaa nasi. Walipewa benchi mbele ya nyumba na chai ya maziwa matupu. Mkubwa wao alikuwa Mzee Njagi, mwenye koti la jeshi na sauti ya chini iliyokulazimisha kumsogelea. Akauliza ni nani aliyekuwa na mgonjwa mara ya mwisho kabla hajatolewa nyumbani. Mama akaninyooshea kidole.

"Wawira," akasema, "baba yako alisema nini?"

Hapo lazima niwaeleze kilichokuwa kichwani mwangu, ingawa sitafuti huruma. Nilikuwa nimewasikia majirani wakisema pikipiki itaenda kwa Nyaga, naye ni kijana, ataitengeneza iwe mpya. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya kaburi, nikaona sanduku likishuka, nikasikia udongo. Lakini ile ngwii haikushuka na sanduku. Kwa hesabu zangu za mtoto, kilichobaki cha Baba duniani kilikuwa mle ndani ya raba zilizokwisha, na mtu akizitoa, atakuwa amemzika mara ya pili.

"Alisema mtu yeyote asiipande pikipiki yake," nikajibu.

Nikaishia hapo.

Mzee Njagi aliweka kikombe chini polepole. Mmoja wa wenzake aligeuza uso akatema mate kifuani mwake kujikinga na balaa.

"Hakuongeza neno?"

"Hakuongeza."

"Wewe una jina la nyanya yako. Hukosei?"

"Sikosei."

"Basi hicho ni kirumi," akasema, na Mama akashika kichwa kwa mikono miwili.

Nyinyi wa rika langu hamhitaji kuambiwa kirumi. Lakini wajukuu wakisoma hapa, wajue ni neno la mtu anayekufa. Akikataza kitu kiuzwe, kisiguswe, kisihamishwe, basi limekwisha. Anayelivunja haendi mbali, atakiona cha mtema kuni, hata awe ameokoka mara ngapi. Na anayelipinda neno la marehemu, huyo hata jina lake hutajwa kwa kunong'ona. Mimi nililipinda saa nne asubuhi, wazee wakinywa chai.

Pikipiki iliwekwa kwenye stoo ya kahawa na kufunikwa magunia. Nikatambaa chini ya kitanda nikautoa ule mkebe, nikauzika chini ya mgomba nyuma ya stoo, maana wangeuona wangeniuliza. Mnaona nilivyokuwa mwerevu.

Haikupita mwezi, stoo ikaanza kulia.

Ilikuwa alasiri, ile saa ya ukungu, watu wakiwa shambani nami nimetumwa kuni. Ngwii. Kimya. Ngwii. Polepole, jinsi inavyolia mtu anapokaa kwenye kiti akahamisha uzito wake kutoka tako moja hadi lingine. Mlango ulikuwa umefungwa. Kuni zote zilinianguka. Sikupiga kelele, kwa sababu nilijua ni nani na nilijua anataka nini. Alikuwa amerudi kudai nusu ya maneno yake. Niliusogelea ukuta wa mbao, nikaweka mdomo kwenye ufa nikanong'ona, "Nitasema kesho." Sauti ikanyamaza papo hapo. Haki ya Mungu, ilinyamaza. Siku nyingine ikarudi, nami nikaahidi tena kesho. Nilianza kukonda. Mama alidhani ni minyoo, akaninywesha dawa.

Baba Mdogo Nyaga alikuwa hajaoa. Alikuwa na nyumba yake ya mbao hapo hapo kando ya stoo. Kanisani ndiye aliyeongoza kwaya, na ndiye aliyetufundisha sisi watoto kila Jumapili. Msimu wa kahawa ulipofika wakamwita ashike kazi ya marehemu kaka yake, viwanda vinne, vyote mbali kimoja na kingine, na kwa miguu haingewezekana. Alifikiri juma zima. Asubuhi moja akafungua stoo, akatoa magunia, akaweka mkono juu ya tangi akaomba kwa sauti kubwa.

Mama alimlilia. "Nyaga, nakuomba. Wacha hiyo kitu."

"Shemeji, hayo ni mambo ya zamani. Damu ya Yesu imeshinda kirumi."

Mimi nilikuwa nimesimama pale kwenye mgomba. Juu kabisa ya mkebe. Aliponiona alitabasamu, lakini midomo ilikuwa mikavu. "Mama, niombee," akasema, akapiga teke mara ya kwanza, mara ya pili, ikawaka. Alikuwa karibu nami sana, ningenyoosha mkono ningemgusa. Nilifungua mdomo. Ulimi ukagoma. Akaondoka, na ile ngwii ikateremka naye kuelekea mtoni, ikipungua, ikipungua, nami niliipenda na kuichukia kwa pamoja.

Alianguka kwenye kona baada ya daraja. Waliomwona walisema nyuma ya pikipiki iliyumba kulia na kushoto ghafla, mtu angedhani imeshikwa na mkono, ikamtupa kwenye mawe. Paja lilivunjika.

Lakini hilo silo ninaloliona nikifumba macho. Naiona jioni ile walipoirudisha. Tulikuwa jikoni, Mama na mimi, hatujapata habari yoyote. Tukasikia ngwii kutoka ng'ambo ya mto. Ngwii, ngwii, inapanda kuja kwetu, na hakuna injini. Hakuna kabisa. Mama alishika sufuria, akaiachia, akatoka mlangoni na mikono yenye unga. Ukungu ulikuwa mzito, hatukuona kitu. Sauti ikaja hadi langoni. Ndipo tukaona wanaume wanne, wawili mbele wakivuta kwa kamba ndefu ya kufungia ng'ombe, wawili nyuma wakiisukuma kwa miti, hakuna hata mmoja aliyekubali kuigusa kwa mkono. Kiti kilikuwa kitupu, kinainama na kuinuka. Mama alisema jina la Baba, mara moja tu. Sijawahi kulisikia likisemwa vile tena.

Mfupa wa Nyaga uliunga. Baada ya miezi kadhaa alitolewa plasta, daktari akasema atembee. Hakutembea. Alirudi kwenye nyumba yake akalala akitazama ukuta wa upande wa stoo. Kwaya ilikuja mara moja, ikaimba ikiwa imesimama mlangoni, haikurudi. Chakula alikisogeza kando. Mashavu yaliingia ndani hadi nikaona umbo la meno yake. Watu wazima walisema wazi wazi mbele yetu, kwa sababu watoto hawana masikio, kwamba Nyaga hatauona msimu mwingine wa kahawa.

Mama alinituma kumpelekea uji kila alasiri. Siku moja nikamkuta ameketi, macho makubwa, mkono umenyanyuliwa kunizuia nisiseme.

"Unasikia?"

Nilisikia. Ngwii. Ilitoka nyuma ya ukuta, hatua tatu kutoka kitandani pake.

"Ni kaka," akasema, bila hofu, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. "Ananiita kila siku. Nimechoka kumkatalia, Mama. Wacha niende."

Uji ulimwagika wote kwenye miguu yangu. Sikuhisi kuungua. Nikamwambia. Nilisema haraka haraka, nikilia, makamasi hadi kidevuni: mpaka bushi za shokabsoba zibadilishwe, za nyuma, upande wa kushoto ndio mbaya zaidi, asipobadilisha itamwangusha. Nilitoa maneno yote kama nilivyoyarudia mbele ya Baba.

Akanipangusa uso na kona ya shuka.

"Wewe ni mtoto mzuri," akasema. "Unanitungia dawa. Nenda, usilie."

Ala! Ndugu zangu, kuna uchungu na uchungu. Uongo wangu ulikuwa umeaminiwa na ukoo mzima kwa sekunde moja, na ukweli sasa ulipangusiwa makamasi ukafukuzwa. Nilitoka mbio, nikachimba chini ya mgomba kwa kucha, nikamletea ule mkebe na udongo wake, nikaufungua kitandani. Ndani mlikuwa na bushi nne nyeusi, mpya, zimefungwa kwa ukurasa wa gazeti, na pembeni ya ukurasa Baba alikuwa ameandika kwa penseli kwa mwandiko wake ulioinama: shokabsoba nyuma, anza kushoto.

Nyaga alisoma. Akasoma tena. Akaweka miguu sakafuni.

"Nipe ile fimbo," akasema.

Tuliingia stoo pamoja, yeye akinilalia begani, mwepesi mno. Ndani hamkuwa na mtu. Alikaa juu ya debe lililopinduliwa, nami nikawa mikono yake. Alinielekeza nisimamishe pikipiki kwenye stendi, niweke jiwe chini ya injini ili gurudumu la nyuma lining'inie. Nilifungua nati ya chini ya shokabsoba ya kushoto kwa spana ndefu, nikining'inia kwa uzito wangu wote. Bolti haikutoka kwa hiari. Nikaigonga kwa kipande cha mti, ikatoka, nikampa.

Mahali pa raba palikuwa na vumbi jeusi tu. Chuma kilikuwa kimesagana na chuma, na bolti ilikuwa imeliwa upande mmoja hadi kubaki nusu. Aliigeuzageuza kwenye mwanga wa mlangoni.

"Si kirumi," akasema. "Ni raba. Ni raba, Mama! Kaka alikuwa ananionya!" Akacheka, na kucheka kukageuka kuwa kulia, mwanaume mzima, akiita kaka yake na kumwomba msamaha kwa kumdhania vibaya.

Kisha akaitazama tena ile bolti. Nilijua anafikiria nini kabla hajainua macho.

"Asubuhi ile ulikuwa umesimama pale nje. Ulikuwa unajua?"

Nikaitika kwa kichwa.

Alinitazama. Sikuona hasira, ningeona hasira ningepumzika. Alinitazama jinsi mtu anavyomtazama asiyemjua. Nje ng'ombe wa jirani alilia, akalia tena. Mwishowe akasema, "Leta maji na sabuni."

Nilileta. Tukatoa mabaki ya raba kwa ncha ya bisibisi, tukakwangua kutu, tukapaka raba mpya sabuni. Tukaiingiza kwa kupitisha bolti ndefu na kukaza nati, robo mzunguko kwa robo mzunguko, ikajisukuma yenyewe ndani ya tundu lake. Upande mmoja, kisha wa pili. Bolti iliyoliwa tuliitupa kando, tukaweka nyingine kutoka kwenye sanduku la vyuma vya Baba. Hatukusemezana ila "shika" na "kaza". Tulipomaliza alikibonyeza kiti kwa mikono miwili kwa nguvu zake zote.

Kimya. Kiti kilishuka na kupanda bila neno. Nilijiegemeza ukutani nikamlilia Baba, kwa mara ya kwanza tangu azikwe.

Stoo haikulia tena. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshaolewa, nilimsimulia Mama ile sauti ya alasiri na jinsi nilivyokuwa nikiinong'onezea ukutani. Alinikata jicho. "Kwani ulidhani ni wewe peke yako uliyekuwa unamkosa?" akasema. Alikuwa akitoka shambani mapema, anajifungia mle, anaketi kwenye kile kiti cha nyuma alichozoea kubebewa, kirumi au la, anajitikisa kidogo. Siku aliposikia mtoto ananong'ona kwenye ufa, alizuia hata pumzi. Tulipobadilisha raba aliingia, akakaa, akatoka, na hakutuuliza lolote.

Nyaga alianza kula siku ile ile. Baada ya wiki mbili alitembea hadi langoni. Ukoo ukaona anapata nguvu, ukaamua huu ndio wakati wa kukiondoa kirumi kabla hakijamrudia, na Mzee Njagi akaja na wenzake na kondoo dume mweusi asiye na doa. Mchungaji wa kanisa letu alipata habari, akatuma ujumbe kwamba atakayeshiriki mambo hayo asisogelee tena meza ya Bwana wala kwaya. Nilijua Nyaga hahitaji kondoo. Alihitaji kusema sentensi moja tu, na sentensi hiyo ilikuwa mimi.

Walimkalisha kwenye kigoda katikati ya uwanja, watu wote wa boma wakizunguka. Nilisimama nyuma ya Mama nikiwa nimeshika rinda lake.

"Nyaga," Mzee Njagi akauliza kwa ile sauti ya chini, "unajua kilichokuangusha?"

"Najua," akasema. Hakuangalia upande wangu hata mara moja. "Kaka yangu alisema neno, nikaambiwa neno hilo wazi, nikalipuuza. Aliyekosa ni mimi. Asilaumiwe mtu mwingine yeyote wa nyumba hii."

Mama alihema. Wakamchinja kondoo. Wakampaka Nyaga majani yaliyotoka tumboni mwa kondoo kwenye paji la uso na kwenye paja lililovunjika, wakamwonjesha uchungu wa majani hayo, naye akameza mbele ya watu aliokuwa akiwaimbisha Jumapili. Hakuimba tena kanisani mwetu. Alikaa benchi la mwisho hadi uzeeni, akichechemea, na kwangu alibaki mpole. Ila baada ya siku ile aliniita Wawira.

Nyama ilipoiva, Mzee Njagi aliniita mbele. Akakata kipande kizuri, laini, akanipa kwa mkono wake mwenyewe, akawaambia watu wote kwamba mtoto huyu ametusaidia, amekumbuka vizuri maneno ya baba yake.

Walikuwa wananitazama wote. Nikala.